Jiji Nililolijua kwa Miguu: Miaka Saba ya Utarishi Dar es Salaam

Nilishuka katika stesheni ya Reli ya Kati asubuhi moja ya Februari 1991, nikitoka Tabora, nikiwa na sanduku la bati, godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, na bahasha ambayo nyuma yake shangazi yangu alikuwa ameandika mahali anapoishi. Hapakuwa na namba ya nyumba wala jina la mtaa. Maelezo yake yalikuwa kwamba nifike Magomeni Mapipa, niulizie msikiti, na mkabala na msikiti nimuulize mama anayeuza vitumbua. Nilifika bila kupotea, tena kabla ya adhuhuri. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kile nilichofundishwa na bahasha ile: Dar es Salaam ni jiji linalojulikana kwa majina yaliyomo vinywani mwa watu kuliko kwa namba zilizoandikwa ukutani, na karibu kila jina limebeba habari ya zamani, iwapo utampata wa kukusimulia.

Mimi nilimpata wa kunisimulia kwa sababu ya kazi. Mwezi wa pili tangu nifike, niliajiriwa kuwa tarishi katika kampuni moja ya uwakala wa forodha iliyokuwa na ofisi ghorofani katika mtaa wa Samora. Kazi yetu ilikuwa kupeleka barua, hati za mizigo na hundi bandarini, forodhani, benki, wizarani, hospitalini na vyuoni, na kurudi na daftari likiwa limetiwa saini na mhuri. Nauli tulipewa kwa safari za mbali tu. Kwingine kote tulitembea. Mkuu wa matarishi alikuwa mzee wa Kizaramo, mzaliwa wa Buguruni, ambaye alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu kabla ya Uhuru. Alituamkia kwa utani na kutusimamia kwa ukali, na alikuwa na kauli moja aliyoirudia kila alipopokea kijana mpya: tarishi asiyejua jina la mahali limetoka wapi, iko siku atapeleka barua ya watu kusikohusika.

Siku hiyo kwangu haikuchelewa. Nilikabidhiwa bahasha ya kupeleka Makumbusho, yenye hati iliyotakiwa kutiwa saini kabla ya saa sita ili sanduku la vifaa litolewe bandarini siku ile ile. Nilikwenda kituoni, nikapanda daladala ya kuelekea Mwenge na kushuka Kijitonyama, kwenye kituo ambacho makonda wote hukitangaza kwa jina la Makumbusho. Pale nilikuta uwanja wenye miti mikubwa na nyumba za asili za makabila mbalimbali, tembe la Kigogo, msonge wa Kihaya na nyinginezo, zimejengwa kwa miti, udongo na nyasi kama zinavyojengwa makwao. Mama aliyekuwa langoni aliisoma bahasha yangu kwa huruma. Akaniambia kwamba hapa ni Kijiji cha Makumbusho, na kwamba barua yangu ni ya Makumbusho ya Taifa, kule mjini, mtaa wa Shaaban Robert. Nilipofika huko jua lilikuwa limekwisha kupita utosini na mtu wa kutia saini alikuwa ameondoka. Mzigo ulilala bandarini, gharama ya kuhifadhiwa ikaongezeka, na sehemu ya gharama hiyo ilikatwa kwenye mshahara wangu wa mwezi.

Niliumia, kwa maana fedha hiyo nilikuwa nimemwahidi mama yangu Tabora. Mzee hakunikemea. Aliniambia, "Mwanangu, Jumamosi tukifunga ofisi usiende nyumbani. Vaa viatu vya kutembelea." Matembezi ya Jumamosi hiyo, na nyingine nyingi zilizofuata, ndiyo yaliyonifanya niijue Dar es Salaam, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa kwa yeyote anayekuja katika jiji hili kwa mara ya kwanza, au aliyekaa humu miaka mingi akipita tu.

Alinianzishia Magogoni, kwenye soko la samaki, mahali tunapopaita Feri. Mbele yetu pantoni lilikuwa likivusha watu kwenda Kigamboni, na mzee aliinyooshea mkono pwani yote ile kuanzia hapo hadi Ocean Road akasema kwamba huko ndiko ilikokuwa Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima, Washomvi na Wazaramo, kabla hapajaitwa jina jingine lolote. Katika miaka ya 1860, Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, aliipenda bandari hii ambayo mlango wake ni mwembamba na ndani yake maji yametulia kama ya bwawa. Akaanza kujenga mji akauita Dar es Salaam, kwa Kiarabu nyumba ya amani, ingawa wapo wanaoshikilia kwamba asili ya jina ni bandari ya salama. Septemba 1867 aliwakaribisha hapa mabalozi wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani kwenye karamu kubwa. Mwaka 1870 alifariki, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuwa na haja na mji huu, hivyo majengo yakabaki nusu na mengine yakaanza kubomoka.

Nilimuuliza mzee kama kuna kilichobaki cha Sultani Majid. Hakunijibu. Tulitembea kando ya bahari, tukalipita kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye paa la vigae vyekundu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1898, kisha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902, yote mawili yakiwa kazi za enzi ya Wajerumani. Baada ya hapo akanisimamisha mbele ya nyumba nene ya mawe ya matumbawe yenye mlango wa mbao wa nakshi. "Hiki hapa," akasema. Lilikuwa Boma la Kale, lililojengwa wakati wa Majid kwa ajili ya wageni wake. Hatua chache kutoka hapo ipo nyumba nyingine ya umri huo huo, nayo huitwa Atiman, kwa kumkumbuka Adrian Atiman, mtu aliyetekwa utotoni huko Afrika ya Magharibi akauzwa utumwani, akakombolewa, akasomea uganga, na kuwatibu watu wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa muda mrefu wa maisha yake. Nilikuwa nimepeleka barua mtaa ule mara kumi na zaidi, na sikuwa nimejua hata mara moja kwamba ninapita mbele ya majengo ya kwanza ya jiji.

Wajerumani walifungua kituo chao hapa mwaka 1887, na mwaka 1891 wakayahamishia hapa makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo. Sababu ilikuwa ile ile iliyomvuta Majid: meli kubwa ziliweza kuingia na kutia nanga ndani ya bandari, jambo lisilowezekana Bagamoyo ambako maji ni mafupi na jahazi hukaa mbali na pwani. Mwaka 1893 walianzisha bustani ya mimea, ambayo bado ipo ingawa imepunguzwa sana. Mwaka 1897 walifungua hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu, jengo jeupe linaloutazama upepo wa bahari, ambalo leo ni taasisi ya saratani inayopokea wagonjwa kutoka kila pembe ya Tanzania. Mwaka 1905 walianza kujenga reli hapa, na hadi 1914 ilikuwa imefika Kigoma. Hiyo ndiyo reli iliyonileta mimi. Mzee aliniambia kwamba bila bandari pasingekuwa na reli, na bila reli mji huu ungebaki mji wa pwani kama Kilwa au Pangani, na tangu hapo sijapata kuisikia historia ya Dar es Salaam ikielezwa kwa ufupi na kwa usahihi kama hivyo.

Mtaa wa Samora, niliokuwa nikiupanda na kuushuka kila siku, ni funzo tosha la jinsi majina yanavyobadilika. Wajerumani waliuita kwa miti ya mikesia iliyopandwa kandokando yake, Waingereza wakaendelea na jina hilo kwa lugha yao wakauita Acacia Avenue, baada ya 1961 ukawa Independence Avenue, na mwishowe ukapewa jina la Samora Machel. Mwanzo wake, upande wa magharibi, ni Mnara wa Saa, ambao ni kumbukumbu ya Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Katikati yake ni sanamu ya Askari, na hapo ndipo mzee alipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile.

Watu huielekezea sanamu ile kama alama ya njia, wakisema tukutane Askari au shuka Askari, na wengi wetu hatujawahi kuyasoma maandishi yaliyoko chini yake. Pale palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, na Waingereza walipoingia mjini mwaka 1916 wakaiondoa. Mwaka 1927 wakaizindua hii ya shaba, askari Mwafrika aliyeelekeza bunduki yenye singe upande wa bandari. Maandishi yake yako katika Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Yanawakumbuka askari wenyeji waliopigana katika vita vya 1914 hadi 1918, na yanawakumbuka pia wapagazi, yakiwaita miguu na mikono ya majeshi. Mzee alinitaka niyasome kwa sauti, nami nikayasoma. Mwishoni yanaahidi kwamba watu hao, hata wakifa wakiipigania nchi yao, wana wao watayakumbuka majina yao. Nilipomaliza akaniuliza kama naona jina hata moja pale. Sikuliona.

Kisha akaniambia twende Kariakoo, na akakataa nisipite njia ya mkato niliyoizoea, kwa sababu alitaka tupitie Mnazi Mmoja. Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa eneo hili la kilomita chache, kutoka Mnara wa Saa hadi soko la Kariakoo, ndilo lililobeba uzito wa jiji zima, na mgeni asiyelielewa hata akizunguka hoteli zote za ufukweni atakuwa hajafika Dar es Salaam.

Wakoloni waliugawa mji katika sehemu tatu. Upande wa mashariki, penye upepo wa bahari na viwanja vikubwa, palikuwa Uzunguni. Katikati, penye maduka na nyumba za ghorofa, palikuwa Uhindini. Upande wa magharibi palikuwa kwa Waafrika, na ndiko kwenye Kariakoo na baadaye Ilala. Kanuni zenyewe ziliandikwa kwa hila, kwa maana hazikutaja rangi ya mtu, zilitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa kujengwa kila sehemu, na kila mtu akajikuta ametengwa na uwezo wa mfuko wake. Kati ya Uhindini na Uswahilini Waingereza waliacha uwanja mpana usiojengwa, na uwanja huo ndio Mnazi Mmoja. Watoto wanaocheza pale leo, na wazee wanaopumzika chini ya miti, wako kwenye ardhi iliyoachwa wazi kwa makusudi ili watu wa upande mmoja wasiwe majirani wa upande wa pili. Mimi niliukata uwanja ule mara nne kwa siku nikiwa na barua kwapani, nikidhani ni bustani tu.

Ng'ambo ya uwanja ni mtaa wa Lumumba, na hapo historia iligeuka. Tarehe 7 Julai 1954, katika ofisi iliyokuwa mtaa huu, chama cha TANU kiliundwa, na ndiyo asili ya sikukuu yetu ya Sabasaba. Mwalimu Julius Nyerere, aliyechaguliwa kuwa rais wake, alikuwa akifundisha shule ya Pugu, kilomita zipatazo 20 kutoka hapo, hadi alipoacha kazi mwaka 1955. Tena katika jengo la TANU la mtaa huo huo, Oktoba 1961, kilianza chuo kikuu, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi darasa moja dogo. Mwaka 1964 chuo kilihamia kilimani, ndiyo maana hadi leo tunakiita Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea. Kila nilipopeleka barua Mlimani nilisimama mbele ya ukumbi wa Nkrumah, ule uliochapishwa kwenye noti ya shilingi 500, nikiwaza kwamba chuo chote kile, misitu yake na maktaba yake, kilitoka katika vyumba vilivyoutazama uwanja wa Mnazi Mmoja.

Kariakoo yenyewe ni neno la Kiingereza lililomezwa na Kiswahili. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam walikusanya hapo wapagazi wa kikosi walichokiita "Carrier Corps", watu waliotwaliwa vijijini, wengi kwa nguvu, kubeba risasi, unga na majeruhi kwenda kusini, na makumi ya maelfu yao walikufa, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni Tabora, kwenye nyimbo na kwenye matangazo ya mpira, na sikuwahi kufikiri kwamba ni jina la kambi ya watu walioteswa. Mzee alinipitisha mitaa mitatu nikisoma vibao: Narung'ombe, Tandamti, Mahiwa. Akaniuliza maana yake nikasema sijui. Akaniambia ni majina ya mahali huko Kilwa na Lindi, na kwamba kote huko walipigana mwaka 1917. Baba wa baba yake alikwenda na msafara wa wapagazi akarudi, na kaka yake aliyekwenda naye hakurudi. Hayo aliyasema huku tunatembea, bila kugeuza uso wake.

Baada ya siku hiyo sikuidharau tena kazi ya utarishi. Nilikuwa nikiona aibu kuieleza kwenye barua nilizoandika nyumbani, nikisema tu kwamba nafanya kazi ofisini. Barua iliyofuata nilimwandikia mama kwamba nabeba barua za watu kwa miguu, na kwamba katika mji huu upo mtaa mzima uliopewa jina la watu waliobeba mizigo.

Soko lililopo katikati ya Kariakoo, lenye paa kama miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, ni kazi ya mchoraji ramani Mtanzania, Beda Amuli, ya miaka ya 1970. Miavuli ile si pambo: inakusanya maji ya mvua na kuyapeleka kwenye tangi lililo chini ya ardhi, na kati ya nguzo zake hewa hupita hata soko likiwa limefurika. Tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Nilisimama mtaa wa Swahili usiku ule pamoja na watu wengine wengi, na niliwaona wafanyabiashara wazima wakikaa chini barabarani. Mtu akikuambia kwamba jengo ni jengo tu, mwambie hajapata kuuza wala kununua Kariakoo. Na kabla ya kuondoka eneo hilo, fika makao ya vilabu viwili vinavyoligawa jiji na taifa zima: Yanga ya mwaka 1935, kwenye mtaa wa Twiga na Jangwani, na Simba ya mwaka 1936, mtaa wa Msimbazi. Umbali wake ni wa kutembea kwa dakika chache.

Utarishi ulinifikisha Muhimbili karibu kila wiki. Hospitali hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1956 ikiitwa kwa jina la binti mfalme wa Kiingereza, leo ndiyo hospitali kuu ya taifa, na majengo ya wodi zake yana majina ambayo wagonjwa huyataja kila siku pasipo kuyaulizia. Sewahaji ni Sewa Haji, mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo aliyetoa mali yake nyingi kujenga hospitali na shule zisizobagua watu, na aliyefariki mwaka 1897. Kibasila ni jumbe wa Uzaramo aliyenyongwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Majimaji. Nimewauguza ndugu zangu wawili katika wodi hizo, na usiku ule mrefu wa kukaa kwenye benchi nilipata faraja kujua niko kwenye nyumba ya nani.

Ilinichukua mwaka mzima kurudi Makumbusho ya Taifa kwa hiari yangu, kwa kuwa aibu ya barua ile ilikuwa bado moyoni. Nilipokwenda, nililipa kiingilio mwenyewe. Jengo la zamani lilifunguliwa mwaka 1940, na ndani yake niliikuta habari ya Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, pamoja na vyombo vya kaure vya Kichina vilivyookotwa katika magofu ya pwani, vikiwa ushahidi kwamba watu wa huku walifanya biashara na ulimwengu karne nyingi kabla ya Majid. Ningependa kila mzazi wa Dar es Salaam awapeleke wanawe pale angalau mara moja, na kisha awapeleke Kijitonyama kwenye Kijiji cha Makumbusho, ambacho kimekuwapo tangu miaka ya 1960. Nasikitika kuona foleni za watoto kwenye maduka makubwa siku za Jumapili na ukimya katika kumbi zile.

Katika bustani ya makumbusho hayo kuna kumbukumbu ya jambo nililolisikia kwa masikio yangu. Tarehe 7 Agosti 1998, wiki zangu za mwisho za utarishi, nilikuwa Upanga asubuhi pale mlipuko ulipotokea kwenye ubalozi wa Marekani, ng'ambo ya daraja la Salenda. Madirisha yalitetemeka. Watu 11 waliuawa hapa, na Nairobi siku hiyo hiyo walikufa zaidi ya mia mbili. Mwaka uliofuata, Oktoba 1999, jiji lilikusanyika kwa msiba mwingine, mwili wa Mwalimu Nyerere uliporejeshwa kutoka London. Nilisimama Barabara ya Pugu, ambayo baadaye ilipewa jina lake, kisha nikapanga foleni kuelekea Uwanja wa Taifa, uwanja ule ule ambako bendera ya Uhuru ilipandishwa 1961. Mzee wangu alikuwa ameshastaafu. Tulikwenda pamoja, nikiwa nimemshika mkono.

Tangu wakati huo nimekuwa mwenyeji wa kila ndugu anayekuja kutoka Tabora, na nimejifunza namna ya kuwatembeza. Siwaanzishi ufukweni. Ufukwe ni mzuri: mihogo ya kuchoma ya Coco huvutia jioni, na boti za kwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo huwafurahisha vijana. Wapenda sanaa nawapeleka Mwenge kwa wachongaji vinyago, au Oysterbay kwa warithi wa Edward Tingatinga, aliyeanza kuchora kwa rangi za mafuta mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuacha mtindo unaojulikana duniani. Lakini hayo ni ya siku ya pili. Siku ya kwanza tunapanda pantoni, tunavuka kwenda Kigamboni na kurudi, kwa sababu kutoka majini ndiko unakoiona bandari kama Majid alivyoiona, ingawa tangu Aprili 2016 lipo daraja na wenye haraka hawana tena haja ya kusubiri.

Kisha nawapeleka Jangwani. Wengine hushangaa, kwa kuwa hapana jengo la kutazama, ni bonde tu la Mto Msimbazi kati ya Magomeni na Faya. Nilivuka bonde hilo kwa miguu kila siku nikitoka kwa shangazi, na Desemba 2011 nililiona limekuwa ziwa, paa za nyumba zikielea na watu wakiokolewa kwa mitumbwi. Waliopoteza makazi wengi wakahamishiwa Mabwepande. Pamoja na hayo, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 karakana yake ilijengwa bondeni humo humo, na maji yaliifuata. Jiji lililokuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012 lilihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, na mto haujui takwimu hizo. Unarudi kwenye njia yake. Serikali imehamia Dodoma, kama ilivyoamuliwa tangu 1973, lakini watu hawajaacha kuja, na kila anayekuja anatafuta pa kujenga.

Mwaka 2024 nilimpokea mjukuu wa dada yangu, msichana wa miaka kumi na sita, aliyekuja kwa treni mpya ya umeme kutoka Dodoma. Mimi nilichukua zaidi ya siku nzima kutoka Tabora. Yeye alisafiri kwa saa chache akiwa amelala. Stesheni yake mpya ya vioo iko karibu na ile ya zamani niliyoshukia mimi, nami nilimwonyesha mlango niliotokea na sanduku la bati. Akaniambia, "Babu, nataka kutembea." Tulitembea. Feri, Azania Front, Boma la Kale, Mnara wa Saa, na kwa mwendo wangu wa sasa ilikuwa imekaribia saa nane tulipofika Askari. Nilimwomba ayasome maandishi ya Kiswahili kwa sauti, kama nilivyoombwa mimi. Akayasoma vizuri, bila kukwama, huku watu wakitupita. Kisha akalizunguka jiwe lote, akainama akatazama pande zake, akarudi akaniuliza, "Majina yao yako wapi?"

Nikamshika mkono tukavuka Mnazi Mmoja, tukaingia Kariakoo, tukapenya kati ya mikokoteni na wachuuzi hadi mtaa wa Narung'ombe, tukasimama chini ya kibao.